Pikipiki Haina Ugonjwa

Itiryo, Tarime
Mwezi wa saba

Kwako kaka Salumu,

Shikamoo. Naitanguliza kwa sababu ndivyo mama alivyotulea, mdogo hamnyimi mkubwa shikamoo hata kama moyo unachemka, na wangu unachemka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na ule mgongo uliokuwa unakusumbua ukiinama sana gereji uwe umepata nafuu. Mimi mwili ni mzima, ila vidole vimepasuka kwa baridi na mguu wa kulia unauma kwa sababu utakayoisoma mbele.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ninayo. Simu tumeijaribu, kaka. Nikianza kueleza unasema "tuyaache hayo," na nikiendelea unakata. Karatasi unaweza kuichana, lakini utakuwa umeshauona mwandiko wangu na utataka kujua nimesema nini, maana nakujua. Barua nimempa Mzee Bakari, yule wa Nandagala tuliyechimba naye Nyamongo. Amechoka na mashimo, anarudi nyumbani moja kwa moja. Nimemwambia akukabidhi mkononi, asimpe shemeji wala mtu wa gereji. Isome peke yako kwanza.

Habari za huku ni baridi. Najua nikisema baridi mnacheka, nyie wa Ruangwa baridi mnayoijua ni ya soda. Huku milimani mwezi wa sita na wa saba ukungu unalala juu ya migomba mpaka jua lipande, ng'ombe wanatoa moshi puani, na wazee wanatembea na koti zito na blanketi juu ya koti. Maji ya kunawa uso ukiyagusa unaita jina la mama yako. Mimi niliyezoea kulala dirisha wazi, sasa nalala na soksi na kofia. Mama Bhoke, mjane mwenye nyumba ninayopanga, ananicheka kila asubuhi. "Mura," ananiambia, ndivyo Wakurya wanavyomwita kijana, "wewe ni mtu wa jua. Huku ulifuata nini?" Nilifuata dhahabu, na dhahabu haikutaka kunijua.

Hayo unayajua. Unajua shimo letu kule Nyamongo lilivyojaa maji, wenzangu wakatawanyika, nikakupigia simu sina hata pa kulala. Hukuniuliza maswali mengi. Ulichukua ile pikipiki nyekundu uliyoiweka gereji, ukaifungua yote, ukaitengeneza kwa mikono yako, ukaipakia kwenye lori la korosho mpaka Dar, na kutoka Dar ikaletwa huku kwa gari la mizigo. Ilipofika vijana wa kijiweni waliizunguka wakaisifu, nikasimama pembeni nimevimba kichwa kama bwana harusi. Hilo sijalisahau. Nalisema mapema ili usije ukanijibu kwamba nimelisahau.

Nyamongo bodaboda ni wengi kuliko abiria, ndiyo maana nilipanda huku Itiryo, ambako watu ni wakulima na wafugaji na barabara ni za kupanda na kushuka. Mchana pikipiki ilikuwa haina neno. Ilipanda milima na gunia la mahindi na mama mtu mzima juu yake, haikulalamika. Kasoro yake ilikuwa asubuhi. Nikiamka alfajiri napiga kiki mpaka jasho linanitoka ndani ya sweta mbili, nayo inakohoa kidogo tu na kunyamaza. Wenzangu wanawasha, wanapakia akina mama wanaowahi mnada na walimu wanaowahi shule, wanaondoka. Mimi nabaki na ukungu wangu. Jua likishapanda na chuma kikapata joto, kiki mbili, inawaka, lakini wakati huo abiria wa asubuhi wameshafika walikokuwa wanakwenda.

Mwita, jirani yangu, naye ni bodaboda, aliniambia siku za mwanzo kabisa: "Vuta choki, mura. Pikipiki ya asubuhi bila choki ni kama mlevi bila supu." Nikavuta. Wewe ndiye fundi, lakini naandika kwa sababu nataka tuelewane tukifika mbele: choki ni kile kiwiko kidogo pembeni ya kabureta, injini ikiwa ya baridi unakivuta ili petroli iingie nyingi kidogo, ikishapata joto unakirudisha. Kwetu hakuna anayekigusa, jua la kwetu linatosha. Nilikivuta, kikavutika vizuri, na pikipiki haikuwaka. Mwita akakijaribu mwenyewe, akasema choki ni nzima, tutafute kingine. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeifikiria choki tena. Mimi pia sikuifikiria.

Nilikupigia simu. Unakumbuka ulivyonijibu? Ulicheka. Ulisema, "Pikipiki haisikii baridi, Athumani. Anayesikia baridi ni wewe, kitandani." Kisha ukaniambia niweke oili nzito zaidi, injini idumu. Nikaweka. Ikawa kiki imekuwa ngumu kama kusonga ugali wa mtama kwa mwiko uliovunjika.

Basi tukaishi hivyo. Mtu anazoea. Wenyeji hapa hulaza pikipiki zao jikoni karibu na mafiga, kama wanavyomlaza ndama mchanga, lakini mimi mpangaji sina jiko, yangu ililala nje chini ya upenu, imefunikwa turubai. Nikajisemea nitawaachia wenzangu asubuhi, mimi nitakula mchana. Sikujua kwamba kuna asubuhi moja nitaihitaji.

Simu ya dada Zainabu ilinikuta jioni. Mama amezidiwa, yuko hospitali, anakutaja, njoo. Uliniuliza mbele ya watu kwa nini sikushuka Tarime mjini usiku uleule. Mvua ilikuwa inanyesha tangu mchana, kaka, na barabara ya huku ikilowa udongo wake ni sabuni, hata mwenyeji haishuki gizani. Nilipiga simu ofisi ya basi, nikawekewa siti. Mabasi ya Dar hutokea Sirari, yanapita Tarime alfajiri, ukilikosa la alfajiri umekosa mpaka kesho. Nikafunga begi, nikalala na nguo za safari.

Nilitoka bado kuna nyota. Mvua ilikuwa imekata, na ikikata huku baridi ndiyo inashuka yenyewe. Turubai lilikuwa limekakamaa kama kadibodi. Nilivuta choki, nikapiga kiki. Nikapiga. Nikabadilisha mguu, nikarudi kwenye mguu uleule. Nikatoa plagi, nikaipangusa kwa shati nililovaa, nikairudisha. Mama Bhoke akasikia, akatoka na blanketi lake, akanishikia tochi. Mwita ningemwamsha, lakini alikuwa amelala Nyamongo, alipeleka mzigo jana yake. Nikampigia bodaboda mwingine, simu imezimwa. Mama Bhoke akaenda kugonga nyumba ya tatu, akaambiwa pikipiki imeazimwa harusini.

Akaleta sufuria la maji ya moto aliyoyaandaa kwa uji. Tukalowesha kitambaa, tukafunga kwenye kabureta. Ikakohoa. Nikaitia gia, nikaisukuma barabarani kwenye mteremko, nikaruka juu, nikaachia klachi, tairi likaburutika kwenye tope. Mara ya kwanza, hakuna. Mteremko ulikuwa unakwisha na chini ni kijito. Iliwaka nikiwa karibu kuingia majini. Kaka, nililia kwa furaha, nakwambia ukweli, mtu mzima nalia juu ya pikipiki.

Nilipofika Tarime basi lilikuwa limeondoka, kulikuwa kumepambazuka kabisa na watu wanakunywa chai. Nikalifukuza. Nililifukuza mpaka karibu na daraja la Kirumi, machozi yananikauka usoni kwa upepo, nikijua silipati lakini sijui kufanya kingine. Nikasimama pale nikampigia Zainabu, nikamwambia pikipiki imekataa kuwaka, nitapanda la kesho.

Nikapanda la kesho. Nililala Dar, nikaamkia gari la Lindi. Nikiwa njiani nikaona simu ya Zainabu inaita, nikaiangalia, sikupokea, kwa sababu ilikuwa bado asubuhi sana na hakuna anayepiga saa ile kwa jambo jema. Nilifika Ruangwa watu wamesharudi makaburini. Mikeka imetandikwa, wali umepakuliwa, na wewe umekaa katikati ya wanaume.

Zainabu ameniambia mambo ambayo wewe hukuniambia. Ameniambia siku niliyotakiwa kuwa njiani mama alikuwa anazungumza vizuri, mpaka jioni yake. Kila baada ya muda anauliza, "Athumani amepanda basi?" Zainabu akawa anajibu, amepanda, mama. Wewe uliyekuwa umekaa miguuni mwa kitanda ukasema, "Hajapanda. Anasema pikipiki imekataa." Mama akasema, "Mwambieni aiache hiyo pikipiki, aje kwa miguu." Zainabu anasema alikuwa anatabasamu. Usiku huo akapoteza fahamu, na hakurudi. Ningepanda basi la kwanza, ningefika kesho yake akiwa bado anapumua. Asingenijua pengine. Lakini mkono ningeushika ukiwa na joto.

Sasa tufike pale pabaya. Nilipoingia nilikuinamia nikakusalimu, na wewe mbele ya mjomba Selemani, mbele ya shehe na majirani wote, ukasema: "Umemaliza dhahabu ndipo ukakumbuka una mama?" Nikajaribu kueleza baridi na pikipiki. Kuna mtu alicheka. Ruangwa, jua la vile, mtu anasema baridi imemzuia kumzika mama yake, hata mimi ningecheka. Ungeweza kuninyamazia tu. Badala yake ulisema maneno ambayo mpaka leo yananiamsha: "Pikipiki ile nimeitengeneza kwa mikono yangu. Pikipiki haina ugonjwa. Mwenye ugonjwa ni mwenyewe."

Wewe ni fundi wa mji mzima. Ukisema injini ni nzima, nani atabisha? Mjomba Selemani, ambaye kwetu neno lake ndilo la mwisho, alitikisa kichwa akasema, "Kaka yake amesema, mimi sina la kuongeza." Hakuna mwanamume aliyenipeleka kaburini. Nilikwenda na Zainabu, jua linawaka, udongo umeshaanza kukauka juu.

Nilirudi huku na nia moja tu. Sikurudi kutafuta abiria. Nilitaka kujua kwa nini pikipiki ilikataa, hata kama itanibidi niifungue mpaka ibaki fremu. Kama ni uvivu wangu, nijue ni uvivu wangu, niwe kweli yule mtoto uliyemsema. Na kama si mimi, nijue.

Nilianza na plagi. Nikanunua mpya, nikaijaribu asubuhi, inatoa cheche ya buluu nzuri kabisa, haikuwaka. Nikahamia petroli. Huku mafuta tunanunua kwenye chupa barabarani, na wapo wanaoyabatiza kwa mafuta ya taa au maji. Nikashuka mpaka kituo cha mjini, nikajaza safi, nikamwaga yale ya zamani yote mpaka ya ndani ya kabureta. Asubuhi, vilevile. Nikamwaga ile oili nzito uliyoniambia, nikaweka nyepesi wanayotumia wenyeji. Kiki ikawa laini, nikajua hapo tu tayari ulikuwa umekosea, lakini pikipiki haikuwaka. Nikaangalia kichujio cha hewa, nikaangalia waya, nikakaza kila kinachokazika. Kila asubuhi naamka na ukungu, napiga kiki, nikishindwa naandika kichwani, si hiki, kesho kingine. Mguu ukavimba. Mama Bhoke akaanza kuniogopa. Siku moja akaniambia, "Mura, umekwenda kumzika mama yako au umekwenda kuchukua wazimu? Kuna mtu kakufanyia kitu. Ita mtaalamu aiangalie hiyo piki." Alimaanisha mganga. Nikamwambia huyo aliyenifanyia kitu namtafuta mwenyewe, kwa spana.

Mwishoni nikaipeleka kwa fundi mmoja Tarime mjini, anaitwa Marwa, mtu mnene mwenye sauti ya mnada. Nikamsimulia yote niliyoyajaribu. Akanisikiliza akitafuna muwa. Akauliza, "Choki je?" Nikasema choki ni nzima, inavutika. Akasema, "Hata mlango wa jela unavutika. Unafunguka?"

Akafungua kabureta juu ya gunia. Akapuliza matundu moja moja kwa mdomo, na kila linalopitisha anaitikia kwa kichwa. Akafika kwenye kitundu cha choki, kile kinachopitisha petroli ya ziada. Akapuliza mpaka mashavu yakavimba. Akapuliza tena. Akachukua waya mwembamba, akachokonoa, akaacha, akakiweka kwenye mwanga. Akaanza kucheka.

"Hii imezibwa," akasema. "Haijaziba yenyewe, imezibwa na mtu. Gundi ya chuma hii hapa juu. Ngoja." Akachimba kwa ncha ya bisibisi. Chini ya gundi kukatoka kipande kidogo cha raba, cha rangi ya buluu. "Na ndala! Angalia, kakata ndala akasindilia, halafu ndiyo akapaka gundi. Kazi safi kabisa. Mura, nani huyu adui yako?"

Niliinama nikakiangalia, kaka. Kile kipande nilikijua kabla hajakitoa mkononi. Nimekaa gereji yako miaka mingapi? Nimekushikia tochi mara ngapi ukiwafanyia bodaboda wa Ruangwa kazi ileile? Unakata ndala ya buluu, kila siku ya buluu, kwa sababu unasema nyekundu inayeyuka. Unaisindilia kwa msumari, unapaka gundi, unasubiri ikauke juani. Kiwiko unakiacha kivutike ili mtu asione kama kuna kitu kimepungua, na hata mimi niliyekushikia tochi kikanidanganya. Nao wanakushukuru, kwa sababu kwetu mtu akigusa choki kwa bahati mbaya anaisahau, pikipiki inakunywa petroli kama ng'ombe na plagi inakuwa nyeusi. Kule ni msaada. Hakuna fundi wa kusini asiyejua kuziba choki, na wewe ndiye uliyewafundisha nusu yao.

Nikamwambia Marwa, "Si adui. Ni kaka yangu."

"Kaka wa kuzaliwa?"

"Tumbo moja."

Akaacha kucheka. Akaikusanya ile raba na gundi kwenye kipande cha gazeti, akanipa, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "Pole sana. Huyo kaka yako hajawahi kufika huku?" Nikasema hajawahi. Akasema, "Basi hakujua." Akaendelea na kazi.

Hakujua. Hilo neno nimelala nalo na kuamka nalo. Ulipoziba hukujua, hapo sina ugomvi na wewe. Uliziba ili nisimalize petroli, uliziba kama unavyomfunga mtoto sweta asipate kikohozi. Umeiandaa pikipiki ya Ruangwa ukaipeleka kwenye baridi usiyoijua. Mimi mwenyewe nimekwenda kuchimba dhahabu nisiyoijua, tumetoka nyumba moja.

Lakini kaka, nilikupigia simu nikakwambia, asubuhi pikipiki haiwaki, ikipata jua inawaka. Fundi wa miaka yote hiyo akisikia maneno hayo anawaza nini? Hata mimi nisiye fundi sasa najua. Ningemwambia Marwa sentensi hiyo moja kwa simu, angeniuliza choki kabla sijamaliza. Wewe ulicheka. Nakusamehe na hilo, mtu anacheka, mdogo ni mdogo.

Nisichoweza kukisamehe bado ni siku ile kwenye mikeka. Nilisimama mbele yako nikasema pikipiki ilikataa kwa sababu ya baridi, na wewe ukainama kidogo. Nilikuona. Ulishika ndevu zako ukaangalia chini kabla ya kusema haina ugonjwa. Nakuuliza, na nataka jibu la mtu aliyenyonya ziwa moja na mimi: pale ulipoangalia chini, ulikuwa umekumbuka ile ndala? Ulikumbuka ukaona afadhali mdogo wako aitwe mtoto asiyemjali mama yake kuliko watu wajue fundi Salumu amekosea? Au kweli ulikuwa umesahau? Kama ulisahau, sema nilisahau, nitakuamini, naapa nitakuamini, kwa sababu sina kaka mwingine. Kama ulikumbuka, usiniandikie chochote.

Ningeweza kumpigia mjomba Selemani. Ningeweza kupiga picha kile kipande nikakituma kwenye simu ya kila mtu mpaka gereji ikose wateja. Mwita alinishauri hivyo, Wakurya hawapendi jambo libaki tumboni, wanalisema mkutanoni likaisha. Sikufanya. Kipande chenyewe utakikuta ndani ya bahasha hii, kimekunjwa kwenye lile gazeti la Marwa. Sikuweka kingine kama akiba. Ukikitupa, kimetupwa, na hakuna atakayeniamini tena maisha yangu yote.

Hitima ya arobaini inakaribia. Watakaa watu walewale kwenye mikeka ileile. Sikuombi unilipe wala uniombe radhi chumbani. Nakuomba sentensi moja mbele ya mjomba: pikipiki ilikuwa na ugonjwa, na ugonjwa niliuweka mimi. Basi. Ukiisema nitajua, Zainabu ataniambia, na nitapanda basi nije nikusalimu kama zamani. Usipoisema pia nitajua.

Nisalimie shemeji Mwanahamisi, mwambie kikoi alichonipa nakifunga shingoni, ndicho kinachonizuia kikohozi. Nisalimie dada Zainabu kuliko wote, yeye peke yake alimdanganya mama vizuri. Mjomba Selemani mpe shikamoo yangu, usimwambie zaidi ya hapo kama huna zaidi ya hapo. Shangazi Somoe mwambie nimekula muhogo wa huku, haufikii wake. Watoto wako wabusu, mwambie mkubwa aache kukukatia ndala. Mzee Bakari mpe chai kabla hajaondoka, ametembea sana kwa ajili yetu. Huku Mama Bhoke anakusalimia, anasema siku ukija atakulaza jikoni karibu na mafiga ili ujifunze baridi.

Najua utataka kujua, kama fundi, imekuwaje mwishowe. Marwa alikizibua kile kitundu. Leo kulikuwa na ukungu mpaka zizi la Mama Bhoke halionekani, na turubai lilikuwa gumu kama ile siku. Nilivuta choki, nikapiga kiki moja, ikawaka. Moja tu, kaka. Nilikaa juu yake ikinguruma, begi halipo, basi la Dar ndiyo kwanza linatoka Sirari. Ningelikuta, na ningepata mpaka nafasi ya kunywa chai. Nikaizima, nikarudi ndani kulala, maana sina tena ninayemuwahi.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani